Chumba Kinachotazama Barabara

Hospitali yetu ina ghorofa tatu na imebanwa kati ya duka la magodoro na stoo ya mabeseni, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mgeni anayeitafuta huelekezwa kwenye magodoro kwanza. Niliingia hapo nikiwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu ya uuguzi, nikijiambia nitakaa kidogo tu, halafu nitahamia hospitali yenye bustani, ambako wagonjwa hukaa juani asubuhi na ndege huwasemesha. Bustani sijaiona mpaka leo. Niliolewa, nikazaa, nikazika mume, nikawa muuguzi mfawidhi, na watu wakaanza kuniita Matroni, hata wale tuliokuwa tukiitana kwa majina. Jina langu ni Josepha, mtu wa Kibosho, na nusu ya maisha yangu nimeyapitisha nikisikia magurudumu ya mikokoteni mahali ambapo wenzangu wa nyumbani husikia maji ya mfereji.

Mwaka jana nilipelekwa semina Posta, katikati ya mji. Wiki nzima tulikaa kwenye ukumbi wenye baridi ya friji tukifundishwa jambo moja: kwamba mtu anaweza kuachia vimelea vya ugonjwa makusudi, sokoni, stendi, ndani ya bahasha, na kwamba wa kwanza kuliona jambo hilo hatakuwa polisi wala mwanajeshi. Atakuwa muuguzi wa mapokezi, anayejiuliza mbona leo wagonjwa wenye homa ya aina moja wametoka wote mtaa mmoja. Asiposhtuka yeye, hashtuki mtu. Na akishtuka bila kuwa na mahali pa kuwatenga, kazi yake itakuwa kutazama tu.

Nilirudi na cheti, mkoba wa kitambaa na hofu mpya. Kadi ya harusi ilipoletwa nyumbani bahasha yake niliikata kwa mkasi nikiwa kwenye baraza, uso nimeugeuza upande wa pili, pumzi nimeibana. Binti yangu Caroline alisimama mlangoni akanitazama mpaka nikamaliza.

"Mama, hiyo ni kadi ya mchango," akasema. "Hatari yake ni nyingine."

Kazini walinisubiri kwa hamu. Rogath, muuguzi kijana anayefanya kazi chini yangu, ni mtu wa Rombo, na neno likimfika mdomoni halirudi tumboni. Nilipomaliza kuwaeleza wenzangu niliyojifunza, yeye ndiye aliyenyoosha mkono.

"Matroni, huyo gaidi akifika Kariakoo ataanza kwa kuuziwa soksi. Akitoka kwenye soksi atapimishwa viatu. Mpaka apate upenyo wa kufungua hiyo bahasha yake, itakuwa imeshaibwa."

Walicheka wote. Mimi sikucheka, na sababu ilikuwa benchi.

Pale mapokezi tuna benchi moja refu, na kila anayeingia hukaa hapo, aliyevunjika kidole na anayetapika, mwenye mimba na mwenye kikohozi. Miezi michache kabla ya semina, mama mmoja alikuja na mtoto mwenye vipele, akakaa katikati akisubiri zamu yake kama watu wengine. Ilikuwa surua. Baadaye walirudi watoto wawili waliokuwa wamepakatwa kwenye benchi lile asubuhi ile. Mmoja wao alikuwa kichanga, na hakupona. Surua ile haikuletwa na gaidi yeyote. Ililetwa na bajaji kutoka Buguruni. Lakini dawa ya vyote viwili ni moja: chumba kilicho getini, ambamo mgonjwa wa kutiliwa shaka anaingia kabla hajakaa karibu na mtu.

Chumba hicho tulikuwa nacho. Kiko mkono wa kulia ukiingia, kina mlango wa kutokea nje na mlango wa kuingilia ndani, na kilikuwa kimejaa vitanda vilivyovunjika miguu. Tatizo lake ni kwamba kinatazama barabara, na hapa kwetu kila kinachotazama barabara kinaitwa frem, chumba cha kupangisha duka, na frem haikosi mtu anayeitaka. Aliyekitaka hiki alikuwa mfanyabiashara wa makava ya simu, na mwenye hospitali alikuwa ameshamkubalia nusu.

Mwenye hospitali ni Mzee Abdulkadiri, mtoto wa mji huu, aliyeirithi nyumba kwa baba yake na kuigeuza hospitali mkewe alipougua akazungushwa sana. Kila asubuhi hushuka toka ghorofa ya juu na kanzu yake nyeupe, akampa mkono mlinzi, mfagiaji, mhasibu, daktari, na wagonjwa wote walioko benchini, mmoja mmoja, akiwauliza habari za nyumbani. Nilimfuata baada ya salamu hizo nikiwa na hoja zangu zote.

"Matroni," akasema, "hapa watu wanagombania ngazi, wanagombania na kivuli cha ngazi. Wewe unataka frem nzima niijaze ndoo za jiki?"

"Ndoo na kitanda, Mzee. Na mtu mmoja wa kukaa pale kila siku."

"Mpangaji wangu ameshapima mpaka makabati."

"Na yule mtoto wa benchini, Mzee?"

Mzee alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye maziko ya yule mtoto. Nilijua kwamba ninampiga mahali penye kidonda, na nilipiga.

"Haya," akasema. "Huo ugonjwa wako wa kuletwa, ufanyie mazoezi. Nikiona chumba kinafanya kazi unayosema, ni chako. Mambo yakiharibika, Jumatatu napokea mpangaji, na habari ya chumba tusisemeshane tena."

Nilipanga zoezi kwa raha ambayo sasa nikiikumbuka naona haya. Shida ya vimelea ni kwamba havionekani, nikaamua vyetu vionekane. Mgonjwa wa kuigiza angejipaka binzari ya manjano mikononi na kifuani, kana kwamba amefungua kifurushi kilichomlipukia unga. Binzari haina huruma. Ikishika kitambaa imeshika. Popote ambapo rangi ile ingefika, ugonjwa ungehesabika umefika. Niliwakusanya wafanyakazi wote chini ya feni ya mapokezi, na Mzee akiwepo, nikatangaza mwenyewe sheria bila kuombwa.

"Manjano ikionekana popote nje ya chumba, tumeshindwa. Hakuna kujitetea."

Sauti yangu ilinipendeza. Nikarudia.

Mgonjwa nilimchagua Fikirini, muuza viungo wa upande wa pili wa barabara, kwanza kwa sababu binzari ni yake, pili kwa sababu ana kipaji cha kuumwa. Fikirini akiumwa jino, mtaa mzima unakula uji. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa tulimpa taarifa, akakubali, akaomba tu tusifunge barabara. Majirani hatukuwaambia. Nilitaka, kama walivyosema Posta, mazingira halisi.

Mazingira halisi niliyapata.

Fikirini alitakiwa avuke barabara kwa miguu yake mwenyewe, akikohoa kwa kiasi, afike getini aseme, "Nimefungua mzigo, umenirukia unga, kifua kinabana." Mlinzi wetu Ismail angemnyooshea mkono kuelekea mlango wa chumba bila kumgusa. Mimi na Rogath tulikuwa ndani tayari, tumevaa mavazi ya kinga kuanzia kichwani hadi kwenye buti, tunatiririka jasho kama chupa za soda zilizotolewa kwenye barafu.

Lakini Fikirini alianza kukohoa akiwa bado dukani. Nadhani alitaka kupasha moto koo. Duka la pili ni la Bi Mwanamkuu, muuza khanga, mwanamke wa Bagamoyo mwenye mwili na sauti, aliyemjua Fikirini tangu akiwa anatumwa. Alimwona kijana amejaa vumbi la njano, anashika kifua. Mimi nilikuwa nimeandika mpango wenye michoro na mishale, nikasahau jambo ambalo ningemwambia mgeni yeyote siku yake ya kwanza Kariakoo: hapa hakuna mtu anayeachwa aende hospitali peke yake. Bi Mwanamkuu alimdaka kabla hajagusa lami. Wabeba mizigo wawili wakashusha marobota yao, wakampakia Fikirini kwenye mkokoteni, wakamfunika khanga mpya ambayo bado ilikuwa haijakatwa katikati, na msafara ukavuka barabara. Nyuma walifuata wenye maduka, wateja wa wenye maduka, na mtu aliyebeba chupa ya chai.

Tuliwaona kupitia upenyo wa mlango.

"Matroni," Rogath alisema ndani ya barakoa yake, "mgonjwa wetu ameoa?"

Sasa niseme ukweli unaonipendelea, maana hauko mwingi katika habari hii. Tulimudu. Ismail alivuta kamba getini. Kila aliyekuwa na manjano aliingizwa chumbani, yaani Fikirini, Bi Mwanamkuu na wale wabeba mizigo, pamoja na khanga. Asiye na manjano alibaki nje ya kamba, akaandikwa jina na kuchukuliwa namba yake ya simu. Mkokoteni ulimwagiwa maji ya jiki pale pale. Nilitoa amri fupi fupi na watu wakazitii, na nikahisi kifuani mwangu kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu siku ya mahafali.

Bi Mwanamkuu hakujua kwamba ni zoezi, na sheria zangu zilikataza kumwambia mpaka mwisho. Alikaa kwenye kiti nilichompa huku Rogath akimnawisha mikono, macho kayakaza kwa Fikirini kitandani.

"Matroni, niambie mimi mtu mzima. Huyu mtoto anakufa au hafi?"

"Tunamwangalia, Bi Mkubwa."

"Mimi ninamwangalia. Nyie fanyeni kazi." Akamsogelea Fikirini sikioni. "Fikirini baba, umenisikia? Wale wateja wangu uliokuwa ukiwaita wakipita mlangoni kwangu, nimekusamehe. Wote. Na kile kigoda changu ulichosema kimeibwa, nakiona kila siku kwenye duka lako, nacho nimekusamehe."

Fikirini alikohoa bila kupangiwa.

"Kama una neno, sema baba. Kama kuna jambo lolote umefanya."

"Bi Mwanamkuu," Fikirini akasema kwa sauti nyembamba, "kigoda nitakirudisha."

"Usirudishe, mwanangu. Pona tu." Na machozi yakamtoka.

Rogath aligeukia ukutani mabega yakimtikisika, na mimi nikajifanya nakagua ndoo. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kinaungua. Nilimtazama mama yule akilia machozi yake ya kweli, nikawaza kwamba siku ikifika ya kweli atakuwepo vile vile, na kwamba hakuna kamba itakayomzuia, na kwamba simpendi mtu yeyote katika mji huu kuliko mtu wa namna hiyo, ambaye kwa mujibu wa semina ni hatari.

Basi zoezi likaisha. Wote walikuwa wamenawishwa na nguo zao zimefungwa kwenye mifuko. Nilitangaza kwamba lilikuwa zoezi, nikamwomba radhi Bi Mwanamkuu, nikamwachia Rogath ghadhabu yake, nikaenda kwenye mlango wa ndani. Hapo sakafuni nilikuwa nimebandika utepe mwekundu. Kabla ya utepe unavua kila kitu kwa utaratibu wake, unanawa, ndipo unavuka. Nilifika kwenye utepe nikasimama. Glovu zilikuwa bado mikononi, za njano tupu kama za mpishi wa biriani ya shughuli.

Mzee Abdulkadiri alikuwa amesimama upande wa pili. Alikuwa ametazama kila kitu kupitia kioo kidogo cha mlango, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyekosea akafurahi kukosea.

"Hongera, mwanangu," akasema. Akanyoosha mkono.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa wapi wakati ule. Mama yangu kule Kibosho alitufundisha kwamba mkono wa mtu mzima ukinyooshwa hauachwi ukining'inia hewani. Unaupokea kwa mikono miwili, na goti linashuka kidogo, na mambo mengine yote ya dunia yanasubiri. Nimeishi mjini miaka yote hii na goti langu bado halijapata habari. Niliupokea mkono wa Mzee kwa mikono yangu yote miwili, goti likashuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umefanya kazi."

Akaondoka. Nami nikageuka nikaanza kuvua mavazi ya kinga kwa utaratibu, hatua kwa hatua, nikizitaja kwa sauti ili wenzangu wajifunze. Sikukosea hata moja. Nilinawa mpaka viwiko. Kama kungekuwa na mtihani wa kunawa baada ya kuua, ningeongoza darasa.

Nilipotoka, watu walikuwa wamejaa mapokezi. Mzee alikuwa tayari ameshapita kwao wote, kama kawaida yake, akiwapa mikono na kuwapongeza: Ismail, mhasibu, mtu wa dawa, daktari wetu, hata wale wa nje ya kamba. Nikapanda kwenye ngazi ya kwanza nikaanza kuhutubia. Niliwaambia kwamba leo tumeonyesha hospitali ndogo inaweza. Niliwaambia kwamba adui asiyeonekana hushindwa na utaratibu. Nilikuwa nimefika kwenye neno nidhamu pale Rogath aliponisogelea.

"Matroni, hii hotuba bado ndefu?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu. Naona mtoto ana manjano."

Aliyesemwa alikuwa Husna, mjukuu wa Mzee, mtoto wa chekechea aliyekuja kushinda kwa babu yake siku ile. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha dawa na gauni jeupe. Shavuni alikuwa na alama ya dole gumba, na begani alama za vidole vingine, njano, zilizokaa vizuri kama mtu aliyepigwa muhuri.

Ningeweza kunyamaza hapo. Badala yake nikawashwa na elimu yangu. Kufuatilia waliogusana na mgonjwa ndilo somo nililofanya vizuri kuliko yote Posta, na sasa nilipata nafasi ya kulifanya mbele ya umma. Nikaomba kila mtu anyooshe viganja. Mhasibu alikuwa na manjano. Ismail alikuwa nayo, na kitasa cha geti pia. Mtu wa dawa alikuwa nayo kiganjani na kwenye kona ya mdomo, kwa kuwa alikuwa amekula andazi. Daktari wetu aliutazama mkono wake, akautia mfukoni, nikamwambia autoe. Nilikuwa mkali. Niliuliza kila mmoja, umegusana na nani, na nani kabla yake, na kila jibu nililitangaza kwa sauti.

Majibu yote yakaishia kwa Mzee. Nikamgeukia kwa heshima, maana nilimwonea huruma.

"Mzee, samahani. Kabla ya hawa, nani alikupa mkono?"

Mapokezi yote yalikuwa kimya. Nilidhani ni kimya cha kunistahi. Rogath alikuwa anasoma maandishi ya kwenye feni. Ismail aliangalia viatu vyake. Wote walikuwa wameshajua, nadhani walijua tangu kiganja cha pili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na moyo wa kunizuia.

Mzee akanitazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza njia ya kwenda kwake.

"Wewe, Josepha," akasema.

Miaka mingi hakuwa ameniita kwa jina.

Bi Mwanamkuu ndiye aliyevunja kimya, akiwa amefungwa shuka la hospitali kwa kuwa nguo zake zilikuwa kwenye mfuko. "Kumbe," akasema. "Mimi mmenifungia ndani, mmenisugua kama sufuria, mmenitoa machozi kwa mgonjwa wa uongo. Halafu ugonjwa umetoka na mkubwa wao."

"Bi Mkubwa, nisamehe."

"Nimesamehe sana leo. Nipumzishe."

Mzee alinitaka nimfuate kwenye bomba la nyuma, pale wafagiaji wanapojazia ndoo. Alimbeba Husna mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka chini ya maji akausugua kwa sabuni ya mche. Maji yalitoka ya njano, kisha meupe, lakini mistari ya kiganja chake ilibaki na rangi, kila mkunjo ukionekana kama njia kwenye ramani. Nilisimama nikingoja hukumu. Nilikuwa nimeshakipa chumba buriani. Niliyaona makabati ya vioo, na taa za rangi, na benchi letu likiwa pale pale lilipokuwa siku zote.

"Ingekuwa kweli," akasema, "huyu mtoto ingekuwaje?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno ya Posta. "Angeugua, Mzee. Huenda asingepona."

"Na mimi ndiye niliyempa."

"Mimi ndiye niliyekupa wewe."

"Mkono niliuleta mimi." Alifunga bomba. "Hivi ulitakiwa ufanye nini?"

"Niukatae."

"Ungeweza?"

Nilitafuta ndani yangu mahali pote ambapo jibu la ndiyo lingeweza kuwa limejificha. "Hapana, Mzee."

"Na mimi ungenikatalia ningekasirika. Nisingekwambia, lakini ningekaa nalo." Alimfuta Husna shavu kwa kidole gumba, akaliongeza doa. Akakitazama kidole. "Nilikuwa nimesimama pale kwenye kioo nikasema moyoni, mama huyu anajua kazi, mambo kama haya atayazuia pale pale getini, basi hata chumba cha nini? Watamudu popote. Nilikuja kukupa mkono nikwambie hivyo. Kwamba kazi ni nzuri na chumba ninampa mpangaji."

Nilimtazama nisiamini.

"Sasa sijui," akasema, akaondoka na mjukuu wake.

Siku mbili zilizofuata hakuna aliyeniambia neno la chumba. Waliniambia mengine. Asubuhi ya Ijumaa nilikuta mfuko wa binzari mezani kwangu, haukuwa na jina. Ismail alinisalimia akiwa ameficha mikono mgongoni. Rogath, aliyekuwa anawafundisha wanafunzi wa uuguzi waliokuja kwa mazoezi, nilimsikia akisema kwamba ugonjwa huenea kwa hewa, kwa maji, kwa wadudu na kwa adabu.

Mzee naye alishuka kwa salamu zake kama kawaida, ila alifanya jambo jipya. Alifika kwangu, nikiwa nimevaa glovu nafunga kidonda, akaninyooshea mkono. Akasimama hivyo. Nikajua ananipima. Niliuona mkono ule, na mistari yake ya njano, na goti langu likaanza safari yake. Nikaliambia likae. Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo kutoka pale pale nilipokuwa. Sijawahi kumtukana mtu, lakini nadhani hivyo ndivyo mtu anavyojisikia. Mzee aliuacha mkono hewani kidogo, uso wake ukapitiwa na kivuli, kisha akaushusha.

"Inauma," akasema.

"Inauma, Mzee."

"Marahaba." Akampitia mgonjwa aliyefuata, na kwake pia akaweka mkono kifuani.

Jumatatu niliwahi. Mpangaji naye aliwahi. Nilimkuta amesimama mbele ya kile chumba na mkokoteni wenye makabati ya vioo, kijana nadhifu, miwani juu ya nywele, tepu ya kupimia kiunoni. Vitanda vibovu vilikuwa vimetolewa nje, na nilipoviona nikasema moyoni, basi. Kwa ndani kulikuwa na mtu anapiga deki. Mzee alikuwa mlangoni, ameegemea mwimo, kofia imekaa sawa.

"Shikamoo, Mzee," yule kijana akasema. "Tushushe?"

"Marahaba. Pole kwa kuamka mapema, mwanangu. Chumba kimepata mtu."

Kijana alimtazama, akanitazama mimi, akachungulia ndani. Kulikuwa na kitanda kimoja kipya kikiwa bado kwenye nailoni, ndoo mbili, na ukuta mtupu unaonuka rangi.

"Mbona hamna mtu, Mzee?"

"Ni mgonjwa," Mzee akasema.

"Yuko wapi?"

"Hajafika."

Kijana akacheka kidogo, akingoja wenzake wacheke. Wabeba mizigo wake walikuwa wameshaanza kuugeuza mkokoteni. Mimi nilipita katikati yao nikaingia ndani, nikaanza kuichana ile nailoni, kwa kuwa godoro lililofungwa halitandikiki, na saa mbili tunafungua geti.